Kodi Isiyolipika kwa Fedha

Januari 20, 2013 raia wa Austria waliulizwa swali moja: nchi iendelee kuwaita vijana wa kiume jeshini kwa lazima, au iwe na jeshi la askari wa kuajiriwa peke yake? Asilimia 59.7 ya waliopiga kura walitaka mfumo wa lazima ubaki. Anayetazama kwa mbali angedhani Waaustria wanapenda sana bunduki. Sivyo. Kijana wa Austria asiyetaka kushika silaha anaruhusiwa kufanya miezi tisa ya shughuli za kijamii badala ya miezi sita ya jeshi, na vijana wa namna hiyo ni tegemeo kubwa katika magari ya wagonjwa, katika nyumba za wazee na kwa watu wenye ulemavu. Wapiga kura wengi walihofia kwamba jeshi la lazima likifutwa, vijana hao nao wataondoka. Kwa hiyo taifa la kidemokrasia, kwa hiari yake na kwa kura ya siri, liliamua kuwalazimisha vijana wake.

Nadhani walifikia uamuzi unaoteteeka, ila kwa sababu dhaifu. Utumishi wa lazima kwa jamii una nafasi yake halali katika demokrasia, na nitajaribu kuonyesha ni kwa msingi gani. Lakini kwanza lazima tuziondoe mezani hoja mbili ambazo watetezi wake huzipenda mno, maana zinauharibia jina kuliko maadui zake wanavyoweza.

Ya kwanza ni nidhamu: vijana wa siku hizi wamelegea, hawaamki mapema, wapelekwe kambini wakanyooshwe. Hii haihitaji mjadala mrefu. Kila kizazi kimesema hivyo juu ya kizazi kilichokifuata, na dola inayojipa kazi ya kunyoosha tabia za watu wazima wasio na kosa imeshavuka mpaka wake. Ufaransa ilianzisha mpango wake wa vijana mwaka 2019, wenye wiki mbili za kuishi pamoja, sare, na bendera kupandishwa asubuhi. Ulikusudiwa hatimaye uwe wa lazima kwa wote, lakini haukufika huko. Sishangai. Wiki mbili za gwaride hazimsaidii mgonjwa yeyote, na kijana mwenye akili anajua anapochezeshwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi kwa sababu ina ukweli ndani yake: kwamba kazi za kutunza watu ni nyingi, mikono ni michache, na vijana wapo. Ujerumani Magharibi ilianza utumishi wa kiraia mwaka 1961 kwa ajili ya waliokataa silaha kwa sababu za dhamiri. Mwanzoni walidharauliwa kama waoga. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa zaidi ya laki moja kwa wakati mmoja, wakipeleka chakula majumbani, wakisukuma vitanda hospitalini, wakiwasindikiza watoto wenye ulemavu shuleni. Kanuni ilisema kijana wa utumishi asichukue nafasi ya mwajiriwa. Kanuni ni kanuni na bajeti ni bajeti: taasisi zilizoea mikono ya bei nafuu, zikapanga zamu zao kana kwamba mikono hiyo haitakwisha kamwe.

Kisha mwaka 2011 Ujerumani ikasimamisha jeshi la lazima, na utumishi wa kiraia ukaisha pamoja nalo. Wengi walitabiri kwamba huduma zingeanguka. Serikali ikafungua mpango wa hiari kwa watu wa umri wote, na nafasi zipatazo 35,000 zikajaa mapema kuliko wengi walivyotarajia. Huduma ziliyumba hapa na pale, lakini hazikuanguka. Kwa mtetezi wa utumishi wa lazima anayetegemea hoja ya uhaba wa mikono, huo ni ushahidi mchungu. Kama watu wanakuja wenyewe, na kama pengo linalobaki linaweza kuzibwa kwa mishahara mizuri ya wauguzi na walezi, basi kumlazimisha mtu ni njia tu ya kukwepa kulipa bei halali ya kazi. Mimi nisingeiunga mkono sheria ya namna hiyo hata kwa siku moja.

Tunabaki na nini basi? Tunabaki na swali ambalo Ujerumani ya hiari haikulijibu: ni nani wanaojitolea, na ni nani wasiokanyaga kabisa huko?

Demokrasia inatupa kura sawa, lakini haitupi ujuzi sawa wa maisha ya wenzetu. Anayepigia kura bajeti ya hospitali za umma huenda hajawahi kulala hata usiku mmoja katika hospitali ya umma. Anayeamua posho ya wazee wasio na ndugu hajui harufu ya chumba cha mzee asiye na ndugu. Shule zimetengana, mitaa imetengana, hata foleni zimetengana, maana mwenye nacho ana dirisha lake. Na kodi ya fedha, pamoja na umuhimu wake wote, haigusi utengano huo. Inamwezesha mtu kumaliza wajibu wake wote kwa taifa bila kukutana na yeyote. Unalipa, unapewa risiti, unarudi ulikotoka.

Muda ni kitu kingine. Siku ya tajiri ina saa 24 sawa na ya mwingine, na mtu hawezi kuutoa muda wake bila kuwapo yeye mwenyewe. Utumishi wa lazima ukiandaliwa vizuri ni kodi inayotozwa kwa sarafu hiyo, na haki yake yote inasimama juu ya jambo moja: kwamba haiwezi kulipwa kwa fedha, wala kwa jina la ukoo, wala kwa simu iliyopigwa na mkubwa fulani. Siku inapoanza kulipika kwa fedha, haina tena kisingizio cha kuwapo.

Anayepinga kwa jina la uhuru ana haki ya kusikilizwa, na historia iko upande wake. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 29 mwaka 1930, makoloni yalikuwa yamejaa watu waliokamatwa vijijini wakapelekwa kujenga barabara na reli. Reli ya Congo-Océan, iliyojengwa na Wafaransa kati ya 1921 na 1934, iliua maelfu ya vibarua wa shuruti. Mkataba ukaieleza kazi ya shuruti kuwa ni kazi yoyote anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu, naye hakujitolea kwa hiari yake. Lakini waandishi wake waliacha nje mambo kadhaa: jeshi la lazima, ilimradi kazi iwe ya kijeshi hasa, wajibu wa kawaida wa raia, dharura kama moto na mafuriko, na kazi ndogondogo za jamii ambazo wanajamii wenyewe wameshauriwa juu yake. Mkataba namba 105 wa mwaka 1957 ukaongeza kwamba watu wasikusanywe kwa shuruti kwa ajili ya maendeleo ya uchumi.

Kuna ajabu hapa ambayo sijawahi kuizoea. Dola inaweza kumchukua kijana wa miaka 18 ikamfundisha kuua, na sheria ya kimataifa ikanyamaza. Ikimchukua kijana huyohuyo ikampeleka kumwogesha mzee, wanasheria wanaanza kukunja nyuso. Najua sababu, na ni nzuri: mlango wa kazi ukifunguliwa kidogo, serikali zenye uchu hupitisha humo mashamba na migodi. Hata hivyo neno "wajibu wa kawaida wa raia" lina maana. Mataifa mengi yanamlazimisha mtu kutoa ushahidi mahakamani. Mengine yanamwita kukaa katika baraza la mahakama, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, siku nyingi huku kazi yake ikimsubiri. Australia imewalazimisha raia wake kupiga kura za shirikisho tangu 1924. Katika kesi ya mwaka 1983 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba wakili chipukizi wa Ubelgiji aliyetakiwa kumtetea mshtakiwa bila malipo hakutendewa kazi ya shuruti, kwa kuwa mzigo wenyewe haukuwa mkubwa kupita kiasi na ulikuwa sehemu ya taaluma aliyoichagua. Demokrasia, kwa hiyo, haijawahi kuishi kwa hiari peke yake. Ubishi ni juu ya kiasi, juu ya mpaka, na zaidi ya yote juu ya usawa wa mzigo.

Kwa usawa, Marekani ina mafundisho mawili ya kusikitisha. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, sheria ya kuwaita wanaume jeshini iliruhusu aliyeitwa kulipa dola 300 akaachwa, au kuleta mtu wa kumbadili. Kwa kibarua wa wakati ule, dola 300 zilikaribia mapato ya mwaka. Julai ya mwaka huo mji wa New York uliwaka kwa siku kadhaa, watu zaidi ya 100 wakafa, na hasira ya maskini wa kizungu ikawaangukia watu weusi ambao hawakuitunga sheria ile. Grover Cleveland, aliyekuja kuwa rais, alikuwa mmoja wa waliomlipa mtu awaendee badala yao. Hakuvunja sheria yoyote. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Fundisho la pili ni dogo, na kwangu lina uzito zaidi. Florida ilikuwa na sheria iliyowataka wanaume wenye afya, wa miaka 21 hadi 45, kufanya kazi ya barabara siku sita kwa mwaka, saa kumi kwa siku. Asiyetaka alikuwa na njia mbili: alete mbadala, au alipe dola tatu. Mtu mmoja hakufanya kazi, hakuleta mbadala, hakulipa, akahukumiwa siku 30 jela. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1916 majaji wakasema sheria ile haikukiuka katiba, kwa kuwa kutengeneza barabara ni wajibu wa kale wa raia. Juu ya wajibu nakubaliana nao. Juu ya dola tatu siwezi. Sheria yenye bei ya kutokea ni ushuru kwa mwenye nazo na jela kwa asiye nazo, hata kama majaji wote duniani wataibariki.

Swali hilohilo la nani anabeba na nani anatazama ndilo lililolipuka Dar es Salaam Oktoba 22, 1966. Wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwataka wahitimu walitumikie taifa kwa takriban miaka miwili: miezi kadhaa katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Hadithi hii husimuliwa kama ugomvi wa wasomi wenye kiburi na Rais aliyewatia adabu, na ni kweli kwamba Nyerere aliwafukuza karibu 400 warudi makwao. Husahaulika kwamba wanafunzi waliuliza pia kuhusu mishahara minono ya wakubwa, na kwamba katika hasira ileile Nyerere alitangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Kwa maoni yangu hicho kilikuwa kitendo cha maana kuliko kuwafukuza. Aliyakataa maandamano yao akalikubali swali lao: huwezi kumdai kijana sehemu ya maisha yake huku wewe hujatoa kitu.

Nigeria inaonyesha sura nyingine ya jambo hili. Mwaka 1973, miaka mitatu baada ya vita vya Biafra, serikali iliunda mpango wa kuwapeleka wahitimu wa vyuo mwaka mmoja katika jimbo lisilo lao. Lengo lilikuwa kuwachanganya watu waliotoka kuuana, na nusu karne baadaye mpango ungali hai, jambo ambalo mipango michache ya serikali inaweza kujivunia. Lakini unamhusu mhitimu peke yake, kwa hiyo fundi, mkulima na mchuuzi hawachanganywi na mtu. Na cheti chake kikawa ufunguo wa ajira, na penye ufunguo hapakosi wa kuughushi. Mwaka 2018 waziri wa fedha wa nchi hiyo alijiuzulu baada ya kudaiwa kwamba cheti chake cha kusamehewa utumishi hakikuwa halali. Mwaka 2021 mahakama ikaamua kwamba hakuwa na wajibu huo tangu mwanzo, kwa sababu alipohitimu hakuwa raia wa Nigeria. Kisa chenyewe kilivyoishia si hoja yangu. Nchi nzima ilishika roho kwa sababu ya karatasi ya msamaha, na hilo linaonyesha wananchi wanaangalia wapi. Hawaangalii kambi. Wanaangalia nani hakwenda.

Nigeria ilifundisha jambo jingine kwa gharama kubwa. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Aprili 2011 vijana kadhaa wa utumishi, waliokuwa wakisaidia kuendesha uchaguzi mbali na makwao, waliuawa. Anayejitolea huchagua hatari yake. Anayelazimishwa amechaguliwa na dola, na dola inawiwa ulinzi, bima na fidia ya kiwango kilekile inachowapa askari wake. Serikali isiyoweza kuahidi hivyo isianze.

Halafu kuna watu ambao tayari wanatumikia na hakuna anayewahesabu. Mfumo wa Austria unawahusu wanaume tu. Unaposema usawa unadai wanawake nao waitwe, unakutana na jibu ambalo wengi wetu wanaume tunalipita haraka: wanawake tayari wanabeba sehemu kubwa ya ulezi usiolipwa wa watoto, wagonjwa na wazee, na kuwaongezea zamu nyingine kwa jina la usawa ni kejeli. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu Uswisi, ambako Novemba 2025 wapiga kura zaidi ya asilimia 80 walikataa pendekezo la kumtaka kila raia, mwanamume na mwanamke, alitumikie taifa au jamii. Nadhani jibu la haki ni kuuhesabu ulezi wa nyumbani kuwa utumishi. Binti aliyeacha masomo mwaka mzima kumuuguza mama yake ameshalipa kodi hii, tena kwa riba. Sheria imwandikie hivyo, na kaka yake, ambaye muda wote huo alikuwa akiulizia tu hali ya mgonjwa kwa simu, ndiye apangiwe kituo.

Wapo wanaouliza, na ni haki yao, mzee atapata nini kutoka kwa kijana aliyekuja kwa shingo upande. Tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu. Kijana wa miaka 19 anapandisha ngazi hadi ghorofa ya nne na kontena la chakula. Mlango unachukua muda kufunguliwa. Ndani anakuta kontena la jana juu ya meza, halijaguswa, na vidonge vya asubuhi bado vimo katika kijisanduku chake. Hakusomea uuguzi. Kinachotakiwa kwake ni kuona, kukaa dakika kumi, kuuliza kwa nini hakula, na kumpigia simu msimamizi. Hilo halihitaji moyo wa mtakatifu. Linahitaji mtu aliyepo na msimamizi anayepokea simu. Kazi za ustadi, za sindano na vidonda, ziachiwe wenye mafunzo na mishahara yao. Na kijana achague kati ya vituo vingi, maana asiyewavumilia wagonjwa huenda akafaa sana kuzoa taka za ufukweni au kuwafundisha watoto hesabu. Shuruti iishie kwenye wajibu wenyewe, kituo kiwe hiari yake.

Sitadai kwamba kijana huyo atatoka mtu mwema. Baadhi watahesabu siku tu, kama wanavyofanya askari wa lazima kila mahali. Ninachodai ni kidogo zaidi: miaka 20 baadaye, akiwa diwani au mkurugenzi au mpiga kura tu, mtu akimwambia kwamba huduma ya chakula kwa wazee ni anasa inayoweza kukatwa katika bajeti, atakuwa na picha kichwani. Anaweza bado kupiga kura ya kuikata. Lakini atakuwa anajua anachokikata.

Kuna kasoro moja ambayo watetezi wengi hawaigusi, labda kwa sababu nywele zao zina mvi. Sheria hizi hutungwa na watu wa miaka 50 na 60, huungwa mkono zaidi na waliopita umri wa kuitwa, na hutekelezwa na wa miaka 18. Huko ni kupitisha kodi juu ya jirani, na hakuna kanuni ya demokrasia inayoihalalisha. Ikiwa kweli tunasema raia wote wanawiwa muda na jamii yao, basi wote na wawiwe. Uswisi haimalizi jeshi lake kwa mkupuo mmoja. Askari wake wengi huitwa tena kwa wiki chache, mwaka baada ya mwaka. Utumishi wa jamii unaweza kufuata njia hiyo: miezi sita wakati wowote kati ya miaka 18 na 25, posho ya kuishi ikilipwa kikamilifu na wategemezi wakitunzwa, kisha siku kumi katika kila miaka mitano hadi mtu afike 60. Asiyetumikia bila sababu asifungwe. Anyimwe nafasi za kuteuliwa na kuchaguliwa katika ofisi za umma hadi alipe deni lake la siku. Orodha ya waliosamehewa na aina ya sababu zao, bila siri za magonjwa yao, itangazwe kila mwaka. Na sheria yenyewe ife baada ya miaka kumi isipopigiwa kura upya.

Bunge litakalokubali masharti hayo litakuwa limenishawishi. Na kundi la kwanza kupangiwa vituo liwe la wabunge waliopiga kura ya ndiyo, wao wenyewe kabla ya watoto wao, kwa siku zao kumi, zamu za usiku zikiwamo.